Ngome Isiyo na Mawe: Bigo bya Mugenyi

Mwalimu wa Kiswahili huko Gihundwe, wilayani Rusizi, karibu na Ziwa Kivu, akilitaja neno "ngome", wanafunzi wake huwaza mawe na mizinga, mfano wa Ngome ya Yesu ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Hawana kosa; ndivyo vitabu vyetu vilivyowazoeza. Lakini wanafunzi hao wanalo neno jingine la nyumbani kwao, "urugo", yaani maskani yaliyozungushiwa ua. Neno hilo ni ndugu wa "ugo" wa Kiswahili, ambalo siku hizi ni wachache walitumiao. Ndugu wa tatu yuko Uganda, kando ya mto Katonga, wilayani Sembabule: Bigo bya Mugenyi. Hapo "bya" ni "vya" yetu, na "Mugenyi" ni mgeni.

Bigo haina ukuta wa mawe hata mmoja. Watu wa kale walichimba mahandaki ambayo urefu wake, yakijumlishwa, wapita kilomita 10. Mahali pengine waliukata hata mwamba, na udongo wakaurundika kandoni ukawa tuta. Handaki la nje lazingira uwanda mpana upande wa mto. Yale ya ndani yazunguka kilima chenye vichungu vya udongo vilivyoinuliwa kwa mikono. Merrick Posnansky alipachimbua mwaka 1960, na wataalamu hukadiria kuwa kazi hiyo ilifanyika kati ya karne ya 14 na ya 16.

Je, palikuwa pa vita? Wengi walidhani hivyo. Wengine wamejibu kwamba handaki refu kiasi hicho lingehitaji jeshi kubwa mno la kulilinda, na kwamba huenda lilikusudiwa mifugo. Hoja hii ya pili yanivuta zaidi, kwa kuwa hata masimulizi ya Bacwezi humtaja Mugenyi pamoja na Bihogo, ng'ombe wake mpenzi, kuliko kumtaja pamoja na mikuki.

Uingereza nako, Wanormani walioiteka mwaka 1066 waliinua vilima vya udongo na kujenga juu yake ngome za mbao. Mbao zimeoza zamani. Vilima vingi vingaliko, na vinalindwa kwa sheria.

Bigo nayo ililindwa na Sheria ya Makumbusho ya Kihistoria ya Uganda ya mwaka 1967, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na sheria mpya mwaka 2023. Mwaka 2007 iliingizwa katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia. Hata hivyo udongo ni mgumu kuulinda. Ukuta wa mawe ukianguka, mawe yenyewe hubaki yakishuhudia. Tuta likilimwa misimu kadhaa, husawazika na shamba. Na mgeni afikaye Bigo bila mwenyeji wa kumwongoza aweza kulivuka handaki lililoota nyasi, akadhani ni korongo la maji ya mvua.