Mafunzo ya usalama viwandani: sheria za Tanzania na Kenya zinavyomlinda mfanyakazi

Waswahili husema ajali haina kinga. Msemo huo hufaa msibani, pale wafiwa wanapofarijiwa, lakini ndani ya kiwanda hauna mahali pake. Mkono ulionaswa na mkanda wa mashine usio na ngao, mapafu yaliyojaa vumbi la mawe na kibarua aliyezimia ndani ya tangi ni mambo yenye sababu zinazojulikana, na sababu ikijulikana inaweza kuzuiwa. Juu ya fikra hiyo ndipo zilipojengwa sheria za usalama na afya kazini za Tanzania na Kenya, ambazo zinamtaka mwajiri amfundishe mfanyakazi kabla ya kumkabidhi mashine.

Shirika la Kazi Duniani (ILO) linakadiria kuwa watu wapatao milioni 2.93 hufariki kila mwaka ulimwenguni kwa sababu zinazohusiana na kazi. Takriban milioni 2.6 kati yao hawafi kwa ajali za ghafla, bali kwa maradhi yanayotokana na kazi, ambayo huwatafuna polepole kwa miaka mingi. Watu wengine milioni 395 hupata majeraha yasiyoua. Mwezi Juni mwaka 2022, shirika hilo liliingiza mazingira salama na yenye afya katika orodha ya haki za msingi za kazi, yakawekwa daraja moja na uhuru wa kujiunga na vyama vya wafanyakazi na marufuku ya kazi za kulazimishwa.

Msingi wa sheria

Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003. Msimamizi wake ni Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, unaojulikana zaidi kwa kifupi cha OSHA, ulioanzishwa mwaka 2001. Wakala huo husajili sehemu za kazi, hukagua mitambo na mazingira, hupima afya za wafanyakazi na huendesha mafunzo. Zanzibar ina sheria yake, ya mwaka 2005.

Kenya ilipitisha Sheria ya Usalama na Afya Kazini mwaka 2007, ikachukua nafasi ya sheria ya viwanda iliyotoka enzi za ukoloni. Sheria ya zamani iliangalia viwanda na sehemu chache zinazofanana navyo; ya sasa inagusa kila mahali pa kazi. Inatekelezwa na Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini. Ndani yake mwajiri anatakiwa kumpa mfanyakazi taarifa, maelekezo, mafunzo na usimamizi. Aidha, hairuhusiwi kumweka mtu kwenye mashine au shughuli inayoweza kumdhuru mpaka awe ameelezwa kikamilifu hatari zilizopo na tahadhari za kuchukua, na awe amefundishwa vya kutosha au yuko chini ya uangalizi wa mtu anayeifahamu vyema kazi hiyo.

Nchi nyingine za ukanda huu nazo zina sheria zake. Uganda ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006, Rwanda imeliweka suala hilo katika sheria ya kazi ya mwaka 2018, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo inalishughulikia kupitia Kanuni ya Kazi ya mwaka 2002.

Kozi zinazotolewa

Mafunzo yanaweza kugawanywa katika ngazi tatu. Ya kwanza ni maelekezo ya siku ya kuanza kazi. Mgeni huoneshwa milango ya dharura, mahali pa kukusanyikia moto ukitokea, sanduku la huduma ya kwanza, maeneo asiyoruhusiwa kuingia na mtu wa kumpelekea taarifa ya hatari. Maelekezo haya ni mafupi, lakini ndiyo yanayorukwa mara nyingi zaidi, hasa msimu wa kazi nyingi unapowadia.

Ngazi ya pili ni kozi za kazi maalumu. Nchini Tanzania, OSHA hutoa kozi za huduma ya kwanza viwandani, kufanya kazi kwenye maeneo ya juu, usalama wa majukwaa ya ujenzi na tathmini ya vihatarishi. Ngazi ya tatu inawalenga wale watakaowasimamia wenzao: wawakilishi wa usalama na afya, wajumbe wa kamati na maofisa usalama wa kiwanda.

Nchini Kenya, kanuni za mwaka 2004 zinataka sehemu ya kazi yenye watu 20 au zaidi iwe na kamati ya usalama na afya, yenye wajumbe kutoka upande wa uongozi na upande wa wafanyakazi. Kamati hukutana angalau mara moja kila baada ya miezi mitatu. Wajumbe wake hawatakiwi kukaa kwenye viti hivyo bila elimu. Ni lazima wapitie mafunzo ya msingi. Kanuni za mwaka 2007 kuhusu kupunguza hatari za moto ziliongeza wajibu wa kuunda vikosi vya kuzima moto ndani ya sehemu za kazi na kuwafundisha wafanyakazi namna ya kuondoka kwa usalama.

Yanayofundishwa

Somo la kwanza ni kutofautisha kihatarishi na uwezekano wa madhara. Pipa la asidi ni kihatarishi. Likiwa limefungwa na kuhifadhiwa mahali pake, uwezekano wa kudhuru ni mdogo. Likiachwa wazi njiani, uwezekano huo ni mkubwa. Kutokana na hapo wanafunzi huelekezwa mpangilio wa hatua za kinga. Hatua bora ni kukiondoa kihatarishi kabisa. Isipowezekana, kibadilishwe kwa kitu chenye madhara madogo. Kisha kizuiwe kwa ngao, uzio au feni ya kuvuta hewa chafu. Kisha utaratibu wa kazi ubadilishwe, kwa mfano kwa kupunguza saa za kukaa penye kelele. Kofia ngumu, glavu, miwani na barakoa huja mwisho.

Mpangilio huo una maana kubwa kwa mfanyakazi. Mwajiri anayegawa barakoa na kuacha mashine ikitimua vumbi ameanzia mwisho. Barakoa huvuja, huchakaa na huvuliwa wakati wa joto, ilhali mtambo wa kuvuta vumbi unamlinda kila aliyemo ndani. Hata hivyo, vifaa vya kujikinga vinapohitajika, mwajiri ndiye anayepaswa kuvinunua. Kumkata mfanyakazi mshahara kwa ajili ya glavu si halali.

Somo la pili ni mashine. Ajali nyingi hutokea wakati wa kusafisha au kutengeneza mtambo, si wakati wa uzalishaji. Fundi huingiza mkono akiamini umeme umezimwa, na mwenzake asiyejua kinachoendelea hubonyeza swichi. Dawa yake ni kufuli. Kila anayeingia kwenye mtambo hufunga swichi kuu kwa kufuli lake binafsi, huning'iniza kibao chenye jina lake na hubaki na ufunguo mfukoni. Kisha hujaribu kuuwasha mtambo ili kuhakikisha kuwa haukubali. Mafundi watatu wakiwepo, ziwepo kufuli tatu, na mtambo usiwashwe hadi ya mwisho itakapotolewa na mwenyewe.

Somo la tatu linahusu maeneo yaliyofungika kama matangi, mashimo ya majitaka, maghala ya nafaka na mabomba makubwa. Hewa ya kawaida ina oksijeni takriban asilimia 21. Ikishuka chini ya asilimia 19.5, mahali hapo huhesabiwa kuwa pa hatari. Kutu, uchachu na taka zinazooza hupunguza oksijeni bila kutoa dalili yoyote. Gesi ya salfidi ya hidrojeni hunuka kama yai viza, lakini ikizidi hufisha uwezo wa kunusa, na mtu hudhani imetoweka wakati ndiyo imemzidi.

Hapo ndipo wema unapoweza kuua. Mtu wa kwanza huanguka, mwenzake huruka ndani kumwokoa, naye huanguka juu yake. Wa tatu hufuata. Katika ajali za namna hii, waokoaji wasiojiandaa mara nyingi huwa miongoni mwa waliokufa. Mafunzo husisitiza kanuni ambayo moyo hukataa kuipokea: usimfuate. Hewa hupimwa kabla ya mtu kuingia, anayeingia huvishwa mkanda wenye kamba, na mwenzake hubaki nje muda wote akimwangalia, akiwa na njia ya kumvuta bila yeye mwenyewe kuingia.

Kuhusu moto, wanafunzi huelezwa kuwa unahitaji joto, kitu cha kuunguza na oksijeni. Ukiondoa kimoja, unazimika. Mtungi wa maji unafaa kwa mbao na karatasi, lakini ni hatari kwenye umeme na kwenye mafuta yanayowaka. Povu hutumika kwa mafuta, na gesi ya kaboni dayoksaidi kwa vifaa vya umeme. Kozi iliyo kamili humpa kila mshiriki nafasi ya kushika mtungi, kuvuta pini na kuelekeza dawa kwenye kitako cha moto, si kwenye ndimi zake.

Mwisho huja maradhi yasiyo na kelele. Vumbi la mawe na mchanga husababisha silikosisi, ugonjwa wa mapafu usio na tiba. Vumbi la pamba hubana kifua cha wafanyakazi wa nguo. Kelele ya desibeli 85 na zaidi kwa saa nane kila siku huharibu usikivu taratibu, na usikivu uliopotea kwa njia hiyo haurudi. Kwa sababu hiyo upimaji wa afya hufanywa kabla ya kuajiriwa, katika kipindi cha kazi na wakati wa kuondoka. Bila kipimo cha mwanzo, ni vigumu kwa mfanyakazi kuthibitisha kuwa alikuja mzima.

Wanaoachwa nje

Sheria haibagui kibarua na mwajiriwa wa kudumu, lakini hali halisi hubagua. Kibarua anayechukuliwa getini asubuhi na kulipwa jioni mara nyingi hupewa kazi nzito zaidi na maelekezo machache zaidi. Kampuni inayowaleta vibarua hudhani kiwanda kitawafundisha, na kiwanda hudhani wamekuja wakiwa wamefundishwa.

Lugha nayo ni kizuizi. Maelekezo ya mashine huja kwa Kiingereza, Kichina au Kifaransa, na mtu aliyetia saini karatasi asiyoielewa hajafundishwa. Tanzania ilibadilisha sheria mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, na Kenya inakitambua katika Katiba ya mwaka 2010 kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kwa wale wanaovuka mipaka kutafuta riziki chini ya Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika mwaka 2010, Kiswahili aghalabu ndiyo lugha pekee wanayoshirikiana na msimamizi wao.

Tatizo jingine ni cheti kisicho na ujuzi. Kozi iliyofanywa kwa maneno matupu ukumbini humwezesha mwajiri kumwonesha mkaguzi jalada lililojaa, huku mfanyakazi akiwa hajawahi kugusa mtungi wa moto. Mafunzo hupimwa kwa kile anachoweza kukifanya mtu siku ya hatari.

Ajali ikitokea

Nchini Kenya, kifo kazini hutakiwa kuripotiwa kwa ofisa wa usalama na afya ndani ya saa 24, na taarifa ya maandishi ifuate ndani ya siku saba. Fidia huongozwa na Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007. Tanzania Bara ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), uliotokana na sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015, ambao huchangiwa na waajiri. Mfanyakazi hachangii chochote.

Sheria ya Kenya pia inampa mfanyakazi nafasi ya kujinusuru. Akiona hatari ya karibu kwa maisha au afya yake, na akiwa na sababu za msingi, anapaswa kumwarifu msimamizi na anaweza kuondoka mahali hapo. Mwajiri haruhusiwi kumrudisha kabla hatari haijaondolewa, wala kumfukuza kwa kuwa amelalamika.

Maswali ya kuuliza kabla ya kuanza kazi

Anayepewa kazi mpya kiwandani anaweza kujilinda kwa maswali machache. Ni nini kinachoweza kunidhuru hapa? Mashine hii huzimwa wapi, na ufunguo wake unashikwa na nani? Nikiona moto, nipige kengele ipi na nikimbilie wapi? Kemikali hii ina alama gani, na ikiniingia machoni nioshe kwa nini na kwa muda gani? Nani mwakilishi wetu wa usalama? Afya yangu itapimwa lini?

Msimamizi anayeweza kuyajibu yote bila kusitasita ameandaa sehemu ya kazi. Asiyeweza, mfanyakazi ana mahali pa kwenda: kwa mwakilishi au kamati ya kiwanda, kwa chama chake cha wafanyakazi, au kwenye ofisi ya OSHA nchini Tanzania na ya Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini nchini Kenya. Kutoa taarifa ya mashine mbovu kabla haijamjeruhi mtu ni sehemu ya kazi yenyewe, na sheria imelitamka jambo hilo kuwa wajibu wa mfanyakazi kama ilivyo wajibu wa mwajiri kuitengeneza.