Ng'ombe wa Vitabuni na Ng'ombe wa Burma

Ukipita soko la Burma, hapo Jogoo Road, utawasikia wauza nyama wakikuitia mbavu, matumbo, mguu. Ng'ombe akishachinjwa ana majina tele. Je, alipokuwa hai aliitwaje, na nani aliliandika jina hilo?

Mwaka wa 1842 David Low, profesa wa kilimo Edinburgh, alichapisha majuzuu mawili makubwa kuhusu mifugo ya Uingereza. Picha zake za rangi zilitokana na michoro ya William Shiels. Ni vitabu vya wenye mashamba makubwa. Mchungaji aliyemshika fahali achorwe angevinunua kwa mshahara gani?

Turudi Nairobi. Maktaba ya McMillan ilifunguliwa mwaka wa 1931, lakini Mwafrika hakuruhusiwa kuingia hadi 1958. Mtaa wa Kaloleni ulikuwa umejengewa wafanyakazi Waafrika tangu miaka ya 1940. Basi mkazi wake aliyeweza kukutajia rangi za ng'ombe wa babake mmoja mmoja hakuwa na ruhusa ya kufunua kitabu chochote mle ndani. Leo Kaloleni ina tawi lake la maktaba hiyo hiyo.

Mwaka wa 2003 kilitoka Afrika Kusini kitabu kiitwacho The Abundant Herds, cha Marguerite Poland na David Hammond-Tooke, kwa michoro ya Leigh Voigt. Hiki kilifanya jambo ambalo Low hakulifanya: kilimsikiliza mfugaji. Wazulu humwita ng'ombe wa madoadoa fulani kwa mayai ya ndege wa mbugani. Jina moja tu, nawe umeshaiona ngozi! Hata hivyo kitabu ni cha Kiingereza, na bei yake si ya mwananchi wa kawaida.

Kiswahili chetu kina mtamba, fahali, maksai, ndama. Tukifika kwenye rangi twababaika: "yule mwenye mabaka." Wanyankole wana bihogo, ng'ombe wa hudhurungi iliyokolea. Sioni kwa nini kamusi zetu zisilikopeshe neno kama hilo, maana tumekopa mengi ya mbali zaidi.

Majuzi nilimuuliza mzee mmoja wa Kaloleni. Alicheka. "Kijana, unataka ng'ombe wa rangi gani?" Akaanza kwa Dholuo: rateng', mweusi, rachar, mweupe, silwal, mwekundu wa kahawia. Kisha akaingia kwenye pembe. Nilikuwa nimebeba karatasi moja tu.