Dekali Si Stika

Mwaka 1965 kampuni ya Corgi ya Uingereza ilitoa kigari cha chuma cha Volkswagen kilichorembwa kama gari la mashindano ya East African Safari, na ndani ya boksi lake akawekwa kifaru mdogo. Wakusanyaji wa vigari bado wanakitafuta. Kwa vigari vya umri huo, boksi huchakaa na tairi hukauka, lakini kinachowasumbua sana wenye navyo ni alama zilizo juu ya bodi: pembe zinanyanyuka, rangi inapasuka, vipande vinadondoka. Mmoja wao akikuuliza kwa Kiswahili dawa ya kigari chake ni nini, kabla ya kumjibu itakubidi umuulize kilichobanduka ni kitu gani hasa.

Kwa mazoea yetu kila picha iliyogandishwa juu ya kitu ni stika: ya bima kwenye kioo cha gari, ya timu kwenye tangi la bodaboda, ya mgombea kwenye mlango wa duka. Neno hilo limeshakaa, nami sina ugomvi nalo. Stika huja na gundi yake mgongoni; unaambua karatasi ya nyuma, unabandika, unakandamiza kwa kidole, kazi imekwisha. Lakini ukifungua boksi la gari la modeli la kuunganisha mwenyewe, tuseme Datsun 240Z ya kampuni ya Hasegawa ya Japani, inayoiga gari lililoshinda Safari mwaka 1971, utakuta karatasi ya namna nyingine. Ukijaribu kuiambua kwa ukucha utaichana tu. Kinachoifungua ni maji.

Karatasi hiyo ina tabaka kadhaa. Chini kabisa pana karatasi inayonyonya maji. Juu yake imepakwa gundi inayoyeyuka majini, aghalabu ya asili ya wanga. Juu ya gundi kuna utando mwembamba wa vanishi isiyo na rangi, na wino wa picha umeshikamana na utando huo. Unakata alama unayoitaka, unaitumbukiza kwenye maji ya vuguvugu kwa sekunde chache, unaitoa kwa kibano na kuilaza pembeni. Mwanzoni haifanyi lolote. Maji yanapenya karatasi taratibu, gundi inalainika, kisha ukiisukuma alama kwa ncha ya brashi inajongea yote kwa pamoja, nyembamba kama ganda la kitunguu, na kila herufi mahali pake. Unaisogeza karatasi hadi ukingo wake uguse bodi ya gari, unaitelezesha alama mpaka ikae, halafu unafyonza maji kwa kitambaa laini. Gundi kidogo iliyobaki chini yake ndiyo inayoishikilia.

Hii ndiyo dekali. Neno lenyewe lina asili ya Kifaransa, décalcomanie, lililoundwa kwa kitenzi cha kunakili mchoro kwa kuuhamisha, likaongezwa neno la wazimu, kwa kuwa katika karne ya 19 watu wa Ulaya na Marekani walishikwa na shauku kubwa ya kupamba vyombo na samani kwa picha za kuhamisha. Waingereza walilipokea neno refu, na baadaye likakatwa. Wajapani, ambao viwanda vyao vinatengeneza modeli nyingi za magari za kuunganisha, hawakuona haja ya kubuni jingine. Walilichukua wakalitamka kwa sauti za lugha yao, dekaaru. Kiswahili kikisema dekali kinafanya kazi ileile kiliyoifanya kwa betri, rejeta na stika yenyewe.

Najua wapo watakaotaka neno ambalo tayari ni la Kiswahili. Kibandiko kinavutia, ila tayari ndicho kinachotumika kama jina la stika kwa wasiopenda mkopo, kwa hiyo tutakuwa tumerudi tulikotoka. Chapa ya maji ingeeleza jinsi kitu kinavyotumika, lakini iko karibu mno na alama ya maji, ile inayoonekana ukiinua noti kwenye mwanga, na mtu wa benki na mtu wa modeli wasingeelewana. Chapa peke yake ina mzigo wa kutosha: ya ng'ombe, ya biashara, ya kitabu. Nembo ni kile kinachochorwa, wala haikuambii kimekaaje juu ya bati. Dekali haigombani na neno lolote, inaingia ngeli ya i-/zi- bila shida, nayo inakubali viambishi vyetu vyote: dekali imejikunja, dekali zimepauka.

Tena kitu chenyewe si kigeni kwetu. Kitazame cherehani cheusi cha Singer cha zamani, cha aina iliyokaa kwenye baraza za mafundi kutoka Lamu hadi Kigoma. Yale maua na maandishi ya rangi ya dhahabu hayakuchorwa kwa mkono. Ni dekali zilizotelezeshwa kiwandani juu ya rangi nyeusi, kisha zikafunikwa kwa vanishi. Angalia mahali kitambaa na mkono wa fundi vilipokuwa vikipita kila siku, dhahabu imelika imebaki kivuli. Na wako waliotaka kukisafisha cherehani cha bibi kwa spiriti ili king'ae, wakashangaa kuona dhahabu inatoka na pamba. Vanishi ya vyerehani hivyo huyeyuka kwa spiriti. Aliyefuta alidhani anafuta mafuta, kumbe anaondoa ngozi inayolinda picha.

Hapo ndipo jina linapokuwa suala la ufundi. Spiriti ni dawa nzuri ya stika iliyobanduka. Bodi ya gari la kuchezea linaloendeshwa kwa rimoti hushika mafuta ya vidole na vumbi, na gundi ya stika haiwezi kung'ang'ania juu ya mafuta. Nyanyua pembe iliyojikunja, futa bodi kwa spiriti kidogo, iache ikauke, ipashe stika moto kidogo kwa draya ya nywele mpaka ilainike, kisha ikandamize kuanzia katikati kwenda ukingoni. Stika ya plastiki iliyovutwa kwa nguvu juu ya tao la tairi hutaka kurudi ilivyokuwa, ndiyo sababu pembe zake ndizo huanza kunyanyuka. Ukiipasha moto inasahau ule mvuto. Kuzikata pembe kali zikawa za mviringo kabla ya kubandika pia kunasaidia, kwa maana pembe kali ndiyo inayokwama kwenye nguo na kucha.

Fanya hayohayo kwa dekali na utaipoteza. Spiriti inaweza kuvuruga utando wake, moto wa draya unaukausha ukazidi kuvunjika, na kidole kinachokandamiza kinaondoka nacho kipande.

Dekali inabanduka kwa sababu zake. Mara nyingi iliachwa ielee majini muda mrefu hadi gundi yote ikaoshwa, au ilibandikwa juu ya plastiki iliyokuwa bado na mafuta ya kiwandani. Kama ni ukingo tu ulionyanyuka, ondoa vumbi kwa brashi laini, changanya gundi nyeupe ya mbao na maji mpaka iwe nyepesi kama maziwa, chovya brashi nyembamba kabisa na uguse ukingo wa dekali. Huna haja ya kuisukuma gundi. Ikishagusa upenyo ulio chini ya ukingo inavutwa yenyewe ndani. Lowesha kidogo pamba ya masikio, ibingirishe juu ya dekali kutoka katikati kwenda nje, futa gundi iliyochomoza, uiache hadi kesho yake. Usikimbilie supa gluu. Mvuke wake huacha ukungu mweupe juu ya rangi na plastiki, na ikishaganda huna nafasi ya kusahihisha.

Kuna tatizo lingine ambalo wengi hudhani ni kubanduka. Unaiona dekali imekaa vizuri, lakini ukiigeuza kwenye mwanga, ile sehemu yake isiyo na wino inameta kijivujivu kama fedha. Hali hiyo naona tuiite ufedha. Chanzo chake ni hewa. Rangi isiyong'aa ina vijilima vidogo visivyoonekana kwa macho; utando wa dekali unakaa juu ya vilele vyake, hewa inanaswa mabondeni, na mwanga unaoipiga hewa hiyo unarudi ukiwa mweupe. Juu ya rangi nyeusi isiyong'aa, ambayo magari mengi ya rali ya miaka ile yalipakwa kwenye boneti ili jua lisimpige dereva machoni, ufedha hauwezi kufichika. Tiba yake inahitaji subira: toboa utando kwa ncha ya sindano pale panapometa, dondoshea dawa ya kulainisha dekali, kama Micro Sol ya Microscale au Mark Fit ya Tamiya, na uiache. Dekali itakunjamana na kukutisha. Usiiguse. Ikikauka inajinyoosha na kukumbatia kila mfereji wa mlango. Ila kinga ni bora: paka kwanza vanishi inayong'aa, bandika dekali, kisha funika kwa vanishi isiyong'aa ukitaka. Vanishi ya kufunika ipulizwe kwa tabaka nyepesi, maana ikimwagwa nzito inaweza kuikunja dekali.

Zipo pia dekali zilizozeeka ndani ya boksi kabla hazijaonja maji. Utando wao umekuwa mkavu, na ukiitumbukiza moja inasambaratika vipandevipande mbele ya macho yako. Jaribu kwanza na ile usiyoihitaji. Ikivunjika, zilizobaki zipake utando mpya wa majimaji unaouzwa kwa kazi hiyo, au vanishi isiyo na rangi, kisha uzikate moja moja kwa kufuata ukingo, kwa kuwa sasa karatasi nzima imekuwa dekali moja. Zilizogeuka njano zibandike dirishani penye jua kwa siku kadhaa. Mwanga huo huipausha njano.

Kuhusu kigari cha zamani kama ile Volkswagen ya Corgi, msimamo wangu ni mkali. Alama za asili zilizochakaa zina thamani kuliko mpya zinazong'aa. Zuia ukingo usiendelee kunyanyuka, kiweke mbali na jua, uishie hapo. Vanishi mpya juu ya kazi ya miaka 60 haiondoki bila kuondoka na ile ya chini.

Waandishi wa kamusi waipe dekali kidahizo chake, mbali na stika. Na wewe unayeuza modeli au vigari vya kale, andika kwenye tangazo kama alama zake ni stika au ni dekali, ili mnunuzi ajue asiguse kitu gani siku zikianza kubanduka.