Kila Zama na Muuza Nguvu Wake

Msimu uliopita mpwa wangu alinikuta barazani kwetu Jadida, Wete, nachambua karafuu za mama yake, akanitia simu usoni. "Mjomba, hebu msikilize huyu." Huyu alikuwa David Goggins, Mmarekani aliyekuwa askari wa kikosi maalumu cha majini, kifua wazi, jasho linamchuruzika, anafoka kama aliyemfumania mdeni wake sokoni. Mpwa wangu akanifasiria: amka saa kumi alfajiri, kimbia, usijionee huruma, maisha yatageuka. Nikamwambia saa kumi alfajiri bibi yake alikuwa keshawasha moto wa chai ya wachumaji, na hakuna aliyemrikodi. Akacheka, akenda zake. Mimi nikabaki na makonyo mkononi na swali lake kichwani: mtu mwenye misuli aweza kukwambia neno likakubadilisha maisha?

Nimesomesha historia miaka 31, na ugonjwa wetu sisi walimu wa somo hilo ni kwamba hatujibu kitu mpaka kwanza turudi nyuma. Basi narudi 1897.

Mwaka ule, Uingereza, bwana mmoja aitwaye Eugen Sandow, Mjerumani mzaliwa wa Königsberg, alitoa kitabu cha kufundisha nguvu na namna ya kuzipata. Sandow alianzia kwenye majumba ya maonyesho, akinyanyua vyuma watu wakimshangilia. Halafu akagundua jambo ambalo wenzake hawakuliona upesi: kuuza njia ya kupata misuli kunalipa kuliko kuionyesha. Akafungua vyumba vya mazoezi, akauza vyuma vya mkononi, akafundisha kwa barua za posta, na 1901 akaandaa mashindano ya maumbo katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London, mmoja wa waamuzi wake akiwa Arthur Conan Doyle, mtunzi wa Sherlock Holmes. Baada yake akaja Charles Atlas kule Marekani, na tangazo lake la kijana mbaumbau anayerushiwa mchanga usoni ufukweni. Hawa wa kwenye simu ya mpwa wangu ni wajukuu zao. Kilichobadilika ni stempu tu, siku hizi ni bando.

Sasa tazama kilichokuwa kinatokea kwetu mwaka huohuo. Aprili 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed, Waingereza wakiwa wamemkalia kooni, alitia saini amri ya kuufuta utumwa Unguja na Pemba. Wakati huo Pemba ndiyo iliyokuwa shamba lenyewe. Kimbunga cha 1872 kiliilaza mikarafuu mingi ya Unguja, ya huku ikasalimika, na tangu hapo sehemu kubwa ya karafuu ya Zanzibar ikawa inatoka Pemba. Aliyeipanda miti hiyo, akaichuma na kuipalilia, nguvu zake zilikuwa mali ya mtu mwingine. London makarani wanalipa fedha wapewe mabega. Pemba kuna watu wenye mabega, ndiyo kwanza wanaambiwa kwamba mabega hayo ni yao.

Na walipoambiwa tu, washauri wakajaa. Maofisa wa serikali wakaandika kwamba walioachwa huru ni wavivu, hawajui thamani ya kazi. Wakaja pia Wakweka wa Uingereza, wakaanzisha shamba la misheni Banani, karibu na Chake Chake, chini ya Theodore Burtt, kuwafundisha watu kazi ya ujira, kuweka akiba na kuacha pombe. Siwasemi vibaya Wakweka. Walikuwa mstari wa mbele kupigania utumwa ufutwe, na walilipa mishahara. Lakini najaribu kumfikiria mtu aliyebeba mapolo ya karafuu tangu ujana wake, amekaa kwenye bao anasomeshwa faida za kujituma.

Maisha ya watu wale yalibadilika kwa vitu vingine. Mwanahistoria Frederick Cooper, katika kitabu chake cha 1980, ameeleza vizuri: mtu akaa kwenye shamba la mwenye mikarafuu, apalilia chini ya miti, naye apewa nafasi ya kulima muhogo wake. Msimu ukifika, achuma kwa ujira. Karafuu haimsubiri mtu. Ikichanua haina thamani tena, kwa hiyo kwa wiki kadhaa mwenye shamba humhitaji mchumaji kuliko mchumaji anavyomhitaji yeye. Hapo ndipo uhuru ulipopata meno: kwenye muhogo, na kwenye pishi.

Babu yangu alikuwa mchumaji. Umri wa kumjua nilikuwa nao, nimezaliwa 1961. Alikuwa na mgongo ambao vijana wa jimu ya hapa mjini wangeulilia. Alipanda mkarafuu na kamba na ngoe na pakacha, akakaa juu asubuhi hadi adhuhuri, mguu mmoja kwenye tawi, mkono mmoja unavuta, mwingine unavunja kikonyo. Jioni watu wote wanakaa chini kuchambua, karafuu huku, makonyo kule, kisha hupimwa kwa pishi. Hakuwahi kufanya zoezi hata moja. Neno lenyewe, mazoezi, kwake lilikuwa na maana ya askari.

Naona vijana wanapenda kuishia hapo: wazee walikuwa na nguvu, turudi asili. Haya. Tawi la mkarafuu halina hodi, hukatika tu. Babu alianguka Mtambwe msimu mmoja, nami nikiwa bado skuli, akaishi miaka yake iliyobaki na nyonga iliyokaa upande, na swala akaswali juu ya kiti. Mti uliomjenga ndio uliomvunja. Sandow hakuuza darasa la namna hiyo.

Kisiwa hiki nacho, nikiri, kimeuza nguvu kwa wageni. Mwandishi Mwingereza Evelyn Waugh alipita huku mwanzoni mwa 1931, na katika kitabu alichokitoa mwaka huohuo akakiandika kisiwa chetu kama chuo kikuu cha uchawi. Watu wa bara mpaka leo, ukitaja kwenu Pemba, hukuuliza nusu kwa utani kama umekuja na "vitu". Kwenye mchezo wa ng'ombe kule Kengeja nimewaona kwa macho yangu vijana wanaingia uwanjani na hirizi mkononi, dume linapumua hatua tatu mbele yao. Waliotoka salama walikuwa wepesi wa miguu, na walikuwa na wenzao walioshika kamba. Hirizi ilipata sifa, wa kamba hakutajwa. Nitamrudia huyo wa kamba.

Kwa rika langu, mazoezi yalikuja kwa amri. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Umoja wa Vijana wa Afro-Shirazi ulipenda gwaride na vijana waliopangwa safu, nasi watoto wa skuli tukatiwa kwenye halaiki, mikono juu, mikono chini, tuunde herufi uwanjani ili viongozi wazisome kutoka jukwaani. Pemba tulikuwa tumetoka kwenye miaka ambayo wazee huiita siku za bakora. Ulikosea hatua, uliijua. Kwa muda mrefu nilipomsikia mtu anahesabu "moja, mbili" mgongo wangu ulikaza wenyewe. Pengine ndiyo sababu nilistaafu nikiwa na kitambi.

Mwaka 2019 nikapimwa sukari ikasoma 14. Daktari akaniambia nitembee. Mpwa wangu akanitafutia mtu wa simu mwenye programu ya siku 30. Siku ya sita niliacha. Sikuona haya hata kidogo, kwa sababu yule bwana hakujua kama nimeacha. Nyuma yake bahari ilikuwa nzuri, akaendelea kunipongeza.

Nilichofanya baadaye hakina picha. Jirani yangu, baharia mstaafu mwenye miaka 70, alianza kugonga dirisha langu baada ya swala ya alfajiri. Hasemi nasaha. Anasema, "Maalim, viatu." Tukawa wawili, tukawa watano, sasa tuko 12, wanne ni akina mama wenye mabuibui yao ambao hutuacha nyuma kwenye mlima. Vikundi kama hivi vimeenea Unguja na Pemba, na kila tarehe 1 Januari, siku ya mazoezi ya kitaifa, hutoka barabarani pamoja viongozi wakiwa mbele. Mimi hiyo ya Januari naiona sherehe tu. Ya maana ni ile Jumanne ya mvua. Sukari yangu sasa husoma 7 au 8, na dawa bado nakunywa.

Nikamsomea mpwa wangu habari za Goggins mwenyewe. Alipotaka kuingia kwenye kile kikosi alikuwa amenenepa kupita kiasi, akapunguza zaidi ya kilo 40 kwa chini ya miezi mitatu. Kweli, alijituma kuliko wengi wetu. Lakini palikuwa na ofisa wa kuandikisha askari aliyempa uzito wa kufikia na muda wa kuufikia, na nyuma ya ofisa huyo palikuwa na kazi na mshahara. Huyo ndiye mtu wa kamba. Kwenye video hatajwi sana, maana hauziki. Kwa hiyo jibu langu kwa kijana lilikuwa hili: neno la mwenye misuli linaweza kukuamsha siku moja, na siku moja si haba, lakini maisha yako hayabadiliki kwa mtu asiyejua kama jana hukuja. Akaniambia, "Mjomba, wewe na historia yako." Asubuhi ya pili akapanda mikarafuu mitatu ya mama yake, simu akaniachia mimi chini, ikanguruma huko mpaka chaji ikaisha.

Nawe ukiwa Wete Jumamosi hii, tunaanzia bandarini saa kumi na mbili kasorobo asubuhi. Viatu si lazima.