Nani Alipie Ukweli? Fedha za Umma na Sumu ya PCB katika Shule Kongwe za Marekani

Sheria ya Marekani hairuhusu gundi ya kuzibia mianya ya madirisha ibaki ukutani ikiwa ina kemikali za PCB kufikia sehemu 50 katika kila milioni. Sheria hiyohiyo, hata hivyo, haimlazimishi mwenye jengo kuipima gundi hiyo. Shule ikipima na kukuta sumu, hubeba wajibu wa kuiondoa, pamoja na gharama na lawama za wazazi. Isipopima, hakuna kosa linaloweza kuthibitishwa, na kengele ya asubuhi hulia kama kawaida. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humfichua. Hapa mficha maradhi analindwa na sheria. Ndiyo maana mjadala wa fedha za umma za kusafisha shule kongwe huenda upande usiofaa unapozichukulia kama msaada kwa shule zilizopatwa na balaa. Fedha hizo ni sharti la kujua. Pasipo fungu lililotengwa kabla ya kipimo cha kwanza, bodi ya shule yenye busara ya kawaida, wala si yenye nia mbaya, itaona heri kutopima.

PCB ni kifupi cha polikloribifenili. Msomaji wa Nairobi au Dodoma aliyewahi kulisikia jina hilo huenda alilisikia katika habari za mafuta ya transfoma za zamani, ambazo Mkataba wa Stockholm wa 2001 ulizipangia kuondolewa ifikapo 2025. Nchini Marekani mtengenezaji mkuu alikuwa kampuni ya Monsanto, iliyoacha kuzitengeneza mwaka 1977, na marufuku ya serikali ikaanza kutumika 1979. Kati ya miaka ya 1950 na 1970, wakati shule nyingi zilipokuwa zikijengwa kuwapokea watoto waliozaliwa baada ya vita, kemikali hizo zilichanganywa katika gundi ya mianya ili isikauke na kupasuka, na zikatiwa ndani ya choki za taa za mirija. Mwaka 2013 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliziweka katika kundi la vitu vinavyojulikana kwa hakika kusababisha saratani kwa binadamu. Tatizo la kifedha linatokana na tabia yake. PCB haitulii pale ilipopakwa. Hupenya katika matofali na zege ya jirani, hugeuka mvuke polepole, hutua kwenye vumbi na rangi, na baada ya miaka mingi ukuta ulioipokea huwa chanzo kipya. Fundi anaweza kuibandua gundi yote, na hewa ya darasani ikapimwa tena na kukutwa bado chafu. Kwa hiyo hakuna mkandarasi anayeweza kuiambia shule mapema kazi itaishia wapi. Gharama isiyotabirika namna hiyo haibebeki katika bajeti ya wilaya moja. Hubebwa na hazina pana, kwa sababu ileile iliyowafanya watu wabuni bima.

Jimbo la Vermont limetoa somo lililo wazi kuliko yote. Mwaka 2020 sekondari ya mji wa Burlington ilifungwa baada ya PCB kukutwa wakati wa maandalizi ya kuikarabati. Kuanzia Machi 2021 wanafunzi walisomea katika jengo lililokuwa duka kubwa la Macy's katikati ya mji, na Novemba 2022 wapiga kura wakaidhinisha mkopo wa hati fungani wa dola milioni 165 kwa ajili ya shule mpya. Mwaka huohuo wa 2021 bunge la jimbo lilitunga sheria, ya kwanza ya aina yake nchini humo, ya kupima hewa katika shule zote zilizojengwa au kukarabatiwa kabla ya 1980. Ulikuwa uamuzi wa kijasiri, na nauunga mkono. Lakini Vermont ilikuwa imesimamisha ruzuku yake ya ujenzi wa shule tangu 2007, na dola milioni 32 za kushughulikia sumu zilitengwa 2022, sheria ya kupima ikiwa imekwisha kupita. Amri ilitangulia, fedha zikafuata nyuma, tena kwa kiasi kilichokisiwa kabla ya matokeo kujulikana. Haishangazi kwamba baadhi ya wakuu wa shule walianza kuuona upimaji wenyewe kuwa ndio adui.

Wapo wanaosema mlipa kodi asiguswe, kwa kuwa aliyetengeneza sumu anajulikana. Kimaadili sina la kupinga. Shida ni muda. Mwaka 2021 baraza la wazee wa mahakama katika jimbo la Washington liliwapa walimu watatu wa shule ya mji wa Monroe fidia ya dola milioni 185 dhidi ya Monsanto. Mwaka 2024 mahakama ya rufaa ikaitengua hukumu hiyo. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza kesi ikifunguliwa anaweza kumaliza shule kabla mawakili hawajamaliza. Isitoshe, fidia ya mgonjwa haing'oi gundi ukutani. Mdai anayeweza kungoja ni jimbo: lilipe sasa, kisha lidai. Jimbo la Washington lilipata dola milioni 95 kutoka kwa kampuni hiyo mwaka 2020 kwa uchafuzi wa PCB, na Vermont ilifungua shauri lake Juni 2023. Wilaya ya kijijini haina mawakili wa kudumu miaka hiyo yote, wala haina akiba ya kusubiria.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la vipaumbele. Fedha zile zile zingeajiri walimu, na kiwango cha hatari kinabishaniwa na wataalamu wenyewe. Shirika la Mazingira la Marekani linashauri hewa ya shule ya vijana wa miaka 15 hadi 18 isizidi nanogramu 600 za PCB kwa mita ya ujazo. Vermont iliweka 100 kwa darasa la saba hadi la 12, na 30 kwa watoto wa chekechea. Tarakimu moja ikibadilishwa, jengo linahama kutoka safi kwenda chafu bila tofali kuguswa. Nakiri kwamba jambo hili linaidhoofisha hoja ya kusafisha kila kitu. Lakini linaipa nguvu hoja ya nani alipe. Ni rahisi kuandika kiwango kikali kitakacholipiwa na mwingine. Anayeweka tarakimu akiwa ndiye mwenye hazina, atalazimika kupima afya na gharama kwa pamoja, na kuitetea tarakimu yake mbele ya bunge. Pia ataanza na hatua nafuu, kwa maana si kila kazi ni ya kubomoa. Jiji la New York, baada ya kushtakiwa na wazazi, lilikubali 2013 kuondoa taa zenye choki za zamani katika shule zake ifikapo mwisho wa 2016, na taa mpya zinatumia umeme kidogo zaidi. Kuboresha mzunguko wa hewa nako hupunguza kiasi kinachovutwa na watoto, ingawa chanzo kinabaki.

Marekani haihitaji kubuni utaratibu mpya. Kwa upande wa asbesto, Bunge la nchi hiyo lilipitisha mwaka 1984 sheria ya mikopo na ruzuku kwa shule zisizo na uwezo, na ilipofika 1986 ndipo likazilazimisha shule zote kukaguliwa na kuwa na mpango wa kudhibiti asbesto. Mfuko ulitangulia, amri ikafuata. PCB nayo ishughulikiwe kwa mpangilio huohuo.