Kitanda, Shilingi na Wana Saba: Mirathi katika Wasia wa Kale wa Waingereza

Mwenye kutafuta nasaba ya aila ya Kiingereza, akisha kuzipitia daftari za ubatizo na za maziko, aghalabu huishia kwenye wasia, na kwa kuwa hati hiyo hutaja watu kwa majina na mali kwa mafungu, hujiona kana kwamba ameketi mbele ya marehemu mwenyewe, akimsikia akinena yaliyokuwa moyoni mwake juu ya mke na watoto wake. Hapo ndipo dhuluma kubwa kwa wafu huanzia. Wasia ulinena juu ya kile tu ambacho sheria ilimwachia mtu akiamue. Mengi mengine yalikwisha kuamuliwa na sheria na desturi kabla karani hajachovya kalamu yake, na kwa sababu hiyo hayakuandikwa.

Tuanze na ardhi. Kabla ya 1540, zama za Mfalme Henry wa Nane, ardhi kwa kawaida haikuusiwa, isipokuwa kwa hila za mawakili na kwa desturi za baadhi ya miji. Na hata baada ya mwaka huo, ardhi ambayo mwenyewe hakuiusia ilimwendea yote mwana wa kiume wa kwanza, ila katika Kent, ambako wana wa kiume waligawana sawasawa, na mahali pengine pachache ambapo kitindamimba ndiye aliyetwaa. Utaratibu huo ulidumu mpaka mwisho wa 1925. Basi mkulima aliyewaachia binti zake pauni ishirini ishirini, na wanawe wadogo ng'ombe na vyungu, na mwanawe mkubwa shilingi moja peke yake, huenda hakumchukia mwana huyo hata chembe: shamba lilikuwa lake tayari kwa sheria, au fungu lake alikwisha kupewa siku ya ndoa yake, na shilingi iliandikwa ili asitokee mtu wa kudai kwamba alisahauliwa. Wako waliokatiwa urithi kwa hasira, siwakani, lakini hasira hiyo sharti ishuhudiwe na jambo jingine zaidi ya shilingi.

Mali ya kuhamishika nayo ilikuwa na mipaka yake. Katika jimbo la kanisa la York, desturi iliigawa mali ya mtu mwenye mke na watoto mafungu matatu: thuluthi ya mke, thuluthi ya watoto, na thuluthi iliyobaki, iliyoitwa fungu la maiti, ndiyo pekee aliyoweza kuiusia apendavyo. Msomaji wa pwani yetu, aliyezoea sharia inayouwekea wasia mpaka wa thuluthi, hataona ajabu hapo. Ajabu ataiona katika kwamba Waingereza waliiondoa desturi hiyo, wakaanza na kaskazini mwaka 1692 na kuimaliza London mwaka 1724, wakampa mume uhuru wa kumnyima mkewe mali hiyo, wala hawakuupunguza uhuru huo mpaka 1938. Kimya cha wasia wa York wa mwaka 1650 kuhusu mke, kwa hiyo, si ushahidi wa ndoa mbaya.

Hakuna wasia uliohukumiwa sana kwa kutojua haya kama ule wa William Shakespeare, wa tarehe 25 Machi 1616, ulioandikwa katika karatasi tatu na kuthibitishwa Juni ya mwaka huo huo katika mahakama ya Askofu Mkuu wa Canterbury, kwa maana mirathi ilikuwa mikononi mwa kanisa mpaka Januari 1858. Mkewe Anne hakuachiwa humo ila kitanda cha pili kwa ubora pamoja na matandiko yake, tena kwa maneno yaliyopachikwa baina ya mistari, na watu wamecheka na kusikitika kwa karne nyingi. Lakini sheria ya Uingereza ilimpa mjane haki katika thuluthi ya ardhi ya mumewe muda wa maisha yake, bila kuandikiwa na mtu. Wataalamu wangali wakihitilafiana, kwani nyumba ya Blackfriars ambayo Shakespeare aliinunua 1613 ilisajiliwa kwa namna iliyoizuia haki hiyo. Mimi naona kwamba kitanda peke yake hakimthibitishii mume huyo ukatili.

Wasia huo huo una mtego mwingine. Elizabeth Hall, mtoto wa binti yake Susanna, anatajwa kwa neno ambalo Waingereza wa leo humwitia binti wa ndugu, naye alikuwa mjukuu. Zama hizo neno la mkwe lilimfaa mtoto wa kambo pia, na lile la binamu liliwaenea jamaa wa kila daraja. Na aliyeandika kwamba anamwachia mke wake wa sasa hakukiri kuwa alipata kuoa mwingine. Wakili aliyaweka maneno hayo ili mke wa baadaye, akitokea, asilidai fungu la huyu.

Kisha milki ya Stratford: anapewa Susanna, na baada yake mwanawe wa kwanza wa kiume na vizazi vyake vya kiume, akikosekana huyo, basi wa pili, wa tatu, hata wa saba. Mtafiti mwenye haraka angeandika wajukuu saba katika shajara ya ukoo, na hakuzaliwa hata mmoja wao, maana Susanna alipata mtoto mmoja tu, yule Elizabeth. Fomula ya mawakili ilihesabu wana ambao huenda wangezaliwa. Elizabeth alifariki 1670 bila mtoto, na kizazi cha Shakespeare kikakoma. Nyumba ya Henley Street, ambayo wasia ulimruhusu Joan Hart, dada yake Shakespeare, kukaa humo maisha yake kwa kodi ya peni 12 kwa mwaka, Elizabeth aliiusia kwa ukoo wa Joan, nao waliishika mpaka walipoiuza mwaka 1806.