Tunaisimulia Burma, tumeisahau Mahiwa

Kila mwaka tarehe 25 Novemba hutupita kama siku nyingine yoyote. Siku hiyo mwaka 1918, wiki mbili baada ya bunduki kunyamaza Ulaya, Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck wa Ujerumani alisalimisha silaha zake huko Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, kaskazini mwa Zambia. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilimalizikia huko, katika ardhi ya Afrika. Wazungu huadhimisha Novemba 11 kwa maua na gwaride. Sisi, ambao vita hiyo ilitukanyagia mashamba kwa miaka minne, hatuna siku yake.

Mwulize kijana wa leo habari za vita vya dunia, atakutajia Hitler na Hiroshima. Aliyekuwa na babu keya, yaani askari wa Kiafrika wa jeshi la Waingereza, atakuongezea Burma: msitu, mvua na Wajapani. Ukimwuliza kuhusu Mahiwa, mkoani Lindi, hata kama amezaliwa mkoa huo, huenda asijue kwamba Oktoba 1917, katika mapigano ya siku nne, zaidi ya nusu ya wanajeshi 4,900 wa upande wa Waingereza waliuawa au kujeruhiwa hapo, wengi wao Waafrika kutoka Nigeria na Afrika Mashariki.

Kwa nini vita iliyopiganwa ng'ambo ituvutie kuliko iliyopiganwa kwetu? Majibu ya kawaida yapo. Vita ya Pili ina sinema, vifaru, ndege, na adui ambaye kila mtu anakubali alikuwa adui. Wapiganaji wake walirudi na kuishi hadi enzi za uhuru, na baadhi yao waliuleta huo uhuru: Waruhiu Itote, Jenerali China wa Mau Mau, alipitia Burma kabla ya kuingia msituni Kenya. Yote hayo ni kweli. Lakini ripoti iliyotolewa Aprili 2021 na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola inaonyesha sababu nzito zaidi. Wafu wa Kiafrika wa vita ya kwanza walinyimwa majina, tena kwa makusudi.

Hatua za vita hiyo ya kwanza katika eneo letu zinajulikana. Novemba 1914 Waingereza walishindwa vibaya Tanga. Mwaka 1915 meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, iliangamizwa katika delta ya Rufiji. Mwaka 1916 Jenerali Jan Smuts, kamanda wa upande wa Waingereza, alishuka kutoka Kilimanjaro hadi Reli ya Kati. Mwishoni mwa 1917 Lettow alivuka Ruvuma. Vitabu vya Kizungu vimeyapamba mambo haya, hasa vile viboti viwili vya Waingereza, Mimi na Toutou, vilivyoburutwa nchi kavu kupitia Kongo hadi Ziwa Tanganyika.

Ambacho hakijapambwa ni mgongo wa mpagazi. Mbung'o waliua farasi na ng'ombe, barabara hazikuwepo, na mvua za mwanzoni mwa 1917 ziligeuza bonde la Rufiji kuwa ziwa. Kwa hiyo risasi, unga na majeruhi vilibebwa na watu. Upande wa Waingereza peke yake ulitumia wapagazi takriban milioni moja, wengi wao wakichukuliwa kwa nguvu. Watu waliozoea ndizi au mtama walipewa unga wa mahindi usioiva vizuri, wakafa zaidi kwa kuhara damu, malaria na homa ya mapafu kuliko kwa risasi. Kumbukumbu za Waingereza wenyewe zinakubali vifo takriban 95,000. Wajerumani nao walikamata wapagazi na chakula, na Ugogo ikaangukiwa na njaa kuu inayokumbukwa kwa jina la Mtunya. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zote zinabeba jina la kikosi cha wapagazi hao, ila maelfu wanaonunua vitenge na nyanya pale hawajawahi kuambiwa.

Vita ilipokwisha, ugomvi ulihamia maofisini. Tume ya makaburi, iliyoanzishwa 1917, ilikuwa imeweka sharti zuri: kila aliyekufa atajwe kwa jina, bila kujali cheo, rangi wala dini. Afrika Mashariki sharti hilo likapinduliwa. Arthur Browne, afisa mwandamizi wa Tume, akijadili makaburi ya Gold Coast, alionyesha dharau ileile aliposema kwamba huenda baada ya miaka 200 au 300, wenyeji wakishastaarabika, ndipo wangefurahia mawe ya makaburi. Meja George Evans, aliyesimamia makaburi ya Afrika Mashariki, aliona kuweka jiwe kwa kila marehemu ni kuchezea fedha za umma. Serikali ya Tanganyika, chini ya Gavana Horace Byatt, ilitaka makaburi makubwa ya wapagazi, Dar es Salaam na kwingineko, yaachwe yarudi kuwa pori upesi iwezekanavyo. Hata hesabu ya waliokufa haikutaka kuitazama.

Yaani watu walihesabiwa walipokuwa wanabeba, wakaachwa bila kuhesabiwa walipokufa. Badala ya majina zikasimamishwa sanamu Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam. Ile ya Dar es Salaam, eneo la Posta, katika makutano ya Mtaa wa Samora na Azikiwe, ilizinduliwa 1927 pale iliposimama sanamu ya Mjerumani Hermann von Wissmann. Inaonyesha askari mmoja na bunduki yake. Ni sanamu nzuri, nami najivunia kwamba bado ipo katikati ya jiji. Lakini sanamu haimwambii mjukuu babu yake amelala wapi.

Linganisha na Burma. Huko Taukkyan, karibu na Yangon, majina takriban 27,000 yamechongwa kwenye nguzo, na wana wa Afrika Mashariki wamo. Nairobi, kwenye makaburi ya Barabara ya Ngong, wamo pia waliozama na meli Khedive Ismail Februari 1944. Mwenye jina huulizwa habari zake, na simulizi huanzia hapo.

Mwaka 2021 Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni. Tume ilikadiria kwamba waliokosa kumbukumbu, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, ni kati ya 116,000 na 350,000. Januari 2025 mnara wenye majina zaidi ya 1,700 ulizinduliwa Cape Town kwa ajili ya vibarua weusi wa Afrika Kusini.

Tusingoje London ituandikie. Nyaraka za serikali za Dar es Salaam na Nairobi ziko kwetu, na Lindi, Masasi na Songea bado wapo wazee waliosimuliwa na baba zao. Mtaala wa historia unaweza kuwapa wanafunzi kazi ya kukusanya majina hayo kata kwa kata. Halmashauri za kusini zinaweza kuweka bango Mahiwa, na Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam kuweka jingine ndani ya soko la Kariakoo. Majina yakipatikana, mvuto utakuja wenyewe, kwa sababu mtoto huvutiwa na vita ambayo jina la ukoo wake limo.